Khatari ya Chaja Iliyoungwa Nyumbani

Katika vyombo vyote vilivyoingia majumbani mwetu katika miaka ya karibuni, hapana kilichopokewa kwa heshima kubwa kuliko kompyuta mpakato, ambayo vijana wetu huiita laptopu. Baba huuza mbuzi, mama huvunja kibubu, na mtoto aliyepata nafasi ya chuo hukabidhiwa chombo hicho mbele ya ndugu zake kama mtu akabidhiwavyo amana. Hununuliwa mfuko wake, hupanguswa vumbi, na watoto wadogo huambiwa wasikiguse. Lakini ipo sehemu moja isiyopewa heshima yoyote, nayo ni chaja. Laptopu huwekwa juu ya meza, na chaja hutupwa chini ya kitanda. Waya wake hukanyagwa, huvutwa, huzungushwa kama kamba ya kufungia mzigo, hata siku moja ukakatika. Na mara nyingi hukatikia shingoni, ama karibu na kichwa kinachoingia katika laptopu, ama pale unapotokea katika kile kisanduku cheusi ambacho mafundi hukiita adapta.

Ikifika siku hiyo, kijana huchukua kisu cha jikoni, akachuna ngozi ya waya, akazisokota nyuzi za shaba kwa vidole, akazifunga kwa karatasi ya gundi, akaichomeka chaja ukutani. Taa ndogo ikiwaka na laptopu ikionyesha kuwa inapokea umeme, nyumba nzima hufurahi, na husemwa: "Imepona." Neno hili la "imepona" ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwani kwa tuliyoyaona na tuliyofunzwa na wajuzi wa kazi hii, saa ile chaja inapowaka tena ndiyo saa khatari yake inapoanza, na mwanzo wake hauonekani wala hausikiki.

Twapenda ieleweke kwanza kwamba hatuandiki haya kwa kuwacheka wenye kutengeneza vitu vyao. Wazee wetu waliziba sufuria iliyotoboka, wakatia kiraka kanzu iliyochanika, wakabadilisha utambi wa taa mara mia kabla ya kununua taa nyingine. Na israfu tumekatazwa. Tena bei ya chaja si jambo dogo. Chaja mpya ya kampuni ile ile iliyounda laptopu yaweza kummalizia mama muuza vitumbua faida yake ya majuma mawili au zaidi, na mtihani haungoji. Mwenye kumwambia mtu wa hali hiyo "nunua mpya" kisha akaenda zake hakumsaidia kitu. Kwa hivyo tutajaribu kueleza lipi lafaa kutengenezwa, lipi halifai, na kwa sababu gani.

Mwaka 2023, katika mtaa wetu hapa Tanga, alikuwapo kijana wa mwaka wa mwisho wa chuo, mpole na msikivu, wala hakuwa mzembe. Waya wa chaja yake ulipokatika shingoni aliuunga kwa namna tuliyoieleza, na muungo wake ukafanya kazi siku ile, na kesho yake, na mwezi ule wote. Mwezi wa tatu, katika juma la mitihani, umeme wa mtaa ulikatika, naye akaitumia laptopu mchana kutwa mpaka betri ikaisha kabisa. Umeme uliporudi jioni akaiweka laptopu kitandani, akachomeka chaja, akaenda msikitini kusali Isha. Juu ya kitanda kile alikuwa amelala mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka saba.

Bibi yao, ambaye macho yake yamekwisha kufifia, alikuwa ameketi ukumbini, na yeye ndiye aliyenusa. Alituhadithia baadaye kwamba kwanza alidhani kuna mtu anachoma taka za plastiki uani, mpaka alipokumbuka kwamba ni usiku na uani hapana mtu. Akaita. Mama alipoingia chumbani alikuta chandarua kimesinyaa upande mmoja, godoro la sponji limefanya shimo la ukubwa wa sahani, na ndani ya shimo unatoka moshi mzito pasipo mwali wowote. Mama yule alifanya kwa utaratibu ambao wengi wetu tusingeukumbuka saa ile: hakumwaga maji, alimvuta mtoto kwanza, kisha akazima swichi ya ukutani, ndipo akaliburura godoro mpaka nje. Mtoto aliungua shavu la mguu, akauguzwa majuma matano. Leo anatembea na kucheza, alhamdulillahi, na kovu lake analo.

Asubuhi yake mama alituletea chaja ile ikiwa imefungwa katika gazeti, akatuuliza: "Mwalimu, kitu hiki kilikuwa kizima miezi mitatu. Kimepatwa na nini?" Swali lake lilikuwa la haki, na hatukuona kwamba linastahili kujibiwa kwa kukisia. Tukaichukua chaja kwa fundi mmoja mzee aliyeanza kazi zama za redio za mbao, na ambaye siku hizi hutengeneza kila kitu kilicho na waya.

Fundi aliikunjua ile karatasi ya gundi kwa koleo ndogo, taratibu, kama mtu anayefungua kidonda. Shaba njema huwa nyekundu yenye kung'aa. Hii ilikuwa nyeusi pembeni na ya kijani katikati, na nyuzi nyingi zilikuwa zimekwisha kukatika, zimebaki chache zinazogusana. "Ustadh," akatuambia, "hapa palikuwa na jiko." Kisha akachukua kalamu akaanza kutupigia hesabu nyuma ya bahasha. Hesabu yake tumeipanga hapa kwa namna yetu, ili kijana aliyesoma fizikia aifuate na mzazi asiyeisoma asipotee.

Nyuma ya chaja ya kawaida pameandikwa volti 19 na ampea 3.42, yaani nguvu ya wati 65 hivi. Umeme ukipita katika waya mzima haukuti kizuizi cha kutajika. Lakini ukifika mahali ambapo nyuzi zimegusana tu bila kushikana, hukuta ukinzani, na kila penye ukinzani umeme hugeuka joto. Kiasi cha joto hilo hujulikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kuzidisha kwa ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Muungo uliosokotwa leo, shaba ikiwa safi, huenda ukawa na omu 0.02, na joto lake halizidi robo ya wati. Mtu akiushika kwa vidole haoni tofauti. Ndiyo sababu siku ya kwanza kila muungo huonekana mzuri, na kila aliyeunga huonekana fundi.

Sisi lakini twakaa pwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na shaba iliyo wazi haichukui muda kushika kutu ya kijani. Kila waya unapokunjwa, nyuzi mbili tatu hukatika. Gundi ya teipu hulegea kwa joto la mwezi wa Februari, nayo teipu huteleza ikaacha shaba wazi. Ukinzani ukipanda ukafika nusu omu tu, joto la muungo huwa karibu wati 6. Wati 6 zikienea chumbani si kitu. Lakini hizi hazienei, zimekusanyika mahali padogo kama punje ya haragwe, zimevikwa karatasi, na huenda zikafunikwa na mto au shuka. Chuma cha lehemu anachoyeyushia fundi huwa cha wati 25 mpaka 40. Basi muungo ule una kama robo ya nguvu ya chuma kilichoundwa kwa ajili ya kuyeyusha madini, nao umelazwa kitandani pamoja na watoto. Ngozi ya plastiki ya waya wa kawaida imekusudiwa kustahimili nyuzijoto 70 tu au karibu yake. Ikipita hapo hulainika, waya wa ndani ukaukaribia wa nje, na cheche zikaanza. Na ikiungua hutoa gesi yenye asidi, inayowasha macho na kubana kifua.

Jambo hili la betri kuisha lilitushangaza kidogo tulipolisikia mara ya kwanza. Kijana yule alikuwa ameujaribu muungo wake vizuri, kwa akili yake: aliushika kwa mkono nusu saa nzima, akauona umepoa. Lakini siku ile ya kujaribu betri yake ilikuwa imejaa, na laptopu iliyojaa huvuta umeme kidogo sana. Betri ikiwa tupu, na mwenyewe huku anafanya kazi au watoto wanatazama filamu, ndipo chaja hutoa ampea zake zote, na kwa kuwa joto hukua kwa ampea zilizozidishwa kwa ampea, ampea zikiongezeka mara tatu joto huongezeka mara tisa. Hivyo muungo hujaribiwa wakati wa amani, ukapewa cheti, kisha ukavunjika wakati wa vita. Wala laptopu yenyewe haimwambii mwenyewe kitu: muungo wa nusu omu humnyang'anya volti kama 1.7 tu kati ya zile 19, na laptopu nyingi huendelea kupokea kama kwamba hapana lililotokea.

Wengi hudhani kwamba fyuzi iliyo ndani ya plagi, au swichi kuu iliyo mlangoni, itawakinga. Tulimwuliza fundi, naye akacheka kidogo. Fyuzi ya ampea 13 katika plagi ya meno matatu huziacha ampea 13 zipite daima bila kukatika, na hizo kwa volti 230 ni karibu wati 3,000, umeme wa kuchemshia birika. Chaja ya laptopu haivuti ukutani hata ampea moja. Muungo mbovu hauongezi umeme unaopita, pengine huupunguza. Basi fyuzi itaona nini? Fyuzi ni bawabu aliyeamrishwa kuzuia msafara mkubwa usipite mlangoni, na moto huu umezaliwa ndani ya nyumba, haukupita mlangoni kwake. Adapta nayo ina kinga yake ya shoti: nyuzi mbili zikigusana sawasawa hujizima, na taa yake hupepesa. Lakini muungo unaochemka si shoti, na adapta huuona kama laptopu ya kawaida inayokula umeme wake.

Mpaka hapa tumeusema waya mwembamba tu, ule unaotoka katika adapta kwenda kwenye laptopu. Fundi aliiweka chaja mezani, akashika waya huo kwa mkono mmoja na ule wa ukutani kwa mkono mwingine, akasema: "Huku ni umeme wa kuchoma. Huku ni umeme wa kuua." Volti 19 kwa kawaida hazimdhuru mtu akizigusa, na vijana wakishajua hivyo huona chaja nzima ni kitu cha kuchezea. Lakini upande wa ukutani ni volti 230, zile zile za nyumba nzima, na mtu aliyeunga waya huo kwa karatasi ya gundi ameweka mauti mahali ambapo mtoto anatambaa.

Ama kulifungua lile sanduku lenyewe, hilo twaona lisifanywe nyumbani kabisa. Ndani yake umeme wa ukutani hubadilishwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja, na katika kubadilishwa huko hupanda hata kufika volti 325, ukahifadhiwa katika kapasita, kitu cha duara mfano wa kidoto cha uzi. Kapasita hiyo huweza kubaki na umeme wake hata baada ya plagi kuchomolewa. Na ajabu yake ni kwamba chaja iliyokufa ndiyo khatari zaidi kuliko nzima, kwa sababu katika chaja nzima umeme ule hupata pa kwenda, na katika iliyokufa waweza kubaki pale unamngoja mwenye bisibisi. Kisha kuna transfoma ndogo inayotenga pande mbili: upande wa volti 230 na upande wa laptopu. Baina yao hapana waya wa shaba unaovuka. Umeme huvushwa kwa nguvu ya sumaku, na juu ya ubao huachwa nafasi tupu ya milimita chache kwa makusudi. Mtu asiyejua akidondosha tone la lehemu katika nafasi ile, au akiunganisha alichodhani kuwa kimekatika, chaja yaweza kuwaka vizuri kabisa, na volti 230 zikaufikia mwili wa laptopu ambayo mtoto wake ameipakata.

Lipo jingine ambalo wasomaji wengi watalitambua. Soketi zetu ni za matundu matatu, na tundu la juu ni la waya wa ardhi. Chaja nyingi zinazoletwa zina meno mawili tu. Basi kijana huchukua kalamu ya wino au kijiti, akakisukuma katika tundu la juu ili milango ya matundu ya chini ifunguke, akalazimisha plagi yake iingie. Meno yale hayakuumbwa kwa matundu yale, hivyo hukaa kwa kulegea, na pale yanapogusa huwa ni muungo mbovu mwingine, safari hii ndani ya ukuta. Na ikiwa chaja hiyo ilihitaji waya wa ardhi, imeukosa.

Wengine huja na hila ya kukata kichwa cha chaja nyingine na kukiunga hapo. Ukiwa huna mita ya kupimia umeme, hujui upi ni chanya na upi ni hasi, na ukivigeuza waweza kuiua laptopu kwa dakika moja. Chaja za HP na Dell aghlabu huwa na waya wa tatu, mwembamba kama unywele, ambao kazi yake ni kuiambia laptopu "mimi ndiye chaja wako". Usipoungwa, laptopu yaweza kuikataa chaja isipokee umeme, na kijana akazidi kuchokonoa akidhani hakusokota kwa nguvu. Na hizi za kichwa kipya cha USB-C, kilichotangazwa mwaka 2014, hazifai kuungwa kwa mkono hata kidogo: chaja huanza na volti 5, ikazungumza na laptopu kwa waya zilizo nyembamba sana, ndipo ikapanda mpaka volti 20, na zilizo mpya zaidi huweza kufika 48. Waya wa namna hiyo ukikatika, hununuliwa mwingine, na heri yake ni kwamba katika nyingi waya huuzwa mbali na adapta.

Pengine msomaji atasema tunakuza mambo. Basi na atazame lililotokea kwa watu wenye viwanda. Mwezi wa Agosti 2014 kampuni ya HP iliwataka wateja wake warudishe waya wa umeme ulioandikwa LS-15, ule unaotoka ukutani kwenda kwenye adapta. Nchini Marekani pekee waya hizo zilikuwa karibu milioni 5.6. Kampuni ilikuwa imepata khabari 29 za waya zilizopata joto mpaka zikayeyuka au kuungua, na watu wawili walidai kupata majeraha madogo ya moto. Huo ulikuwa waya uliotoka kiwandani, umepita mikononi mwa wakaguzi, hakuna kisu cha jikoni kilichougusa. Na khabari 29 zilitosha kurudisha mamilioni.

Sasa afanye nini mwenye fedha kidogo? Njia ya kwanza inayomjia ni kununua chaja mpya isiyo na jina, ya bei ya chini kabisa, nasi twakiri kwamba hapa tunatofautiana na baadhi ya wenzetu, ambao husema kila kipya ni salama kuliko kila kilichotengenezwa. Mwaka 2016 taasisi ya UL, ambayo kazi yake ni kupima usalama wa vyombo, ilipima chaja 400 za simu zilizoghushiwa jina la Apple, na zaidi ya 99 katika kila 100 zilishindwa. Hizo zilikuwa za simu, lakini anayeghushi cha simu hashindwi kughushi cha laptopu. Ndani ya chaja bandia ile nafasi tupu tuliyoitaja hufinywa, na kinga za joto huachwa ili bei ipungue. Kwa nje hutazamana na ya kweli, ila ukizishika mkononi mara nyingi ya bandia ni nyepesi.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba adapta ya asili iliyo nzima, isiyopasuka wala kufunguliwa, ikibadilishwa waya wake mwembamba na fundi anayejua, ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Lakini "fundi anayejua" si kila mwenye meza barabarani. Mwulize atafanya nini. Akisema atausokota na kuutia teipu, mshukuru uende zako. Anayejua atakukatia kipande chote kibovu badala ya kuunga juu ya ubovu. Atatia lehemu ili shaba ishikane isiguse tu. Kila uzi atauvika mpira wake wa kusinyaa kwa moto, na mwingine mkubwa juu ya yote. Na shingoni ataacha kitu cha kuzuia waya usikunjike tena hapo hapo. Kisha ataichomeka katika laptopu yenye betri tupu, mbele yako, aiache nusu saa, ndipo aushike muungo. Kazi hiyo ina bei, lakini ni sehemu ndogo tu ya bei ya chaja mpya. Ama waya mnene wa ukutani, huo usiungwe na mtu yeyote, hata fundi, kwani katika chaja nyingi huchomoka, nao huuzwa peke yake madukani kwa bei ambayo hapana nyumba yenye laptopu isiyoimudu.

Na wakati fedha zinatafutwa? Kijana na aazime chaja ya mwenzake mwenye laptopu ya aina moja, au akasomee maktaba ya chuo. Ikiwa hapana budi kutumia chaja yenye waya ulioanza kuchunika, basi ni juu ya meza au sakafu ya saruji, mchana, mwenyewe akiwa macho na karibu yake, si kitandani, si juu ya busati, wala si wakati wa kwenda msikitini. Na waya ukianza kuhisi vuguvugu mahali pamoja tu, au harufu ikitoka, au laptopu ikawa inapokea na kuacha kila waya unapotikiswa, hapo hata mchana isitumiwe.

Wazazi wanisikilize katika hili moja khasa. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba vinavyotazamana, na chini ya paa moja la bati hukaa jamaa nne au tano: mpangaji huyu mwalimu, yule mvuvi, yule mjane na wajukuu wake. Boriti ni zile zile, na dari, pakiwapo dari, ni moja. Kijana anayeunga waya chumbani mwake ameweka roho za watu ambao hata hawajui kwamba ana laptopu. Watoto wetu husoma madrasa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaagiza watu wazime moto majumbani kabla ya kulala, na wazee wetu walilishika agizo hilo kwa kibatari na karabai bila kukosa hata usiku mmoja. Chaja yenye muungo ni moto usiokuwa na mwanga, na ndio maana hakuna anayeinuka kwenda kuuzima. Baba au mama apitaye usiku kufunga milango, na atazame soketi pia, azime kila isiyo na kazi.

Limebaki la chaja iliyokufa. Isiwekwe katika droo pamoja na vitu vya "huenda vikafaa", wala isitupwe jalani ikiwa na waya zake, maana mtoto wa mtu mwingine ataiokota, ataichomeka aone kama inawaka. Ichomolewe ukutani, iachwe siku nzima, kisha waya zake zikatwe karibu kabisa na adapta, na adapta isipasuliwe. Mafundi wa redio huzipokea kwa furaha, kwani ndani yake mna vipuri. Yule mzee wetu ana kopo zima la namna hiyo chini ya meza yake, na ile ya kijana wa mtaani kwetu imo humo, bila waya.